Waandishi wa kumbukumbu watuambie na walichopoteza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vitabu. Najua ukurasa huu wa barua umezoea habari za maji, mitaro na nauli za daladala, na hayo yana haki yake. Ila tangu mfungo uliopita nimesoma riwaya na kumbukumbu kadhaa, nyingine nimesomewa na mjukuu wangu kwa kuwa mtoto wa jicho ameanza kunisumbua, na kuna jambo limenikaa rohoni ambalo sijaliona likisemwa magazetini. Kumbukumbu za watu wetu wakubwa zinatueleza vizuri kazi walizoshika. Yaliyowagharimu tunaelezwa kwa uchache mno, na mara nyingi inatubidi tuyafuate kwenye riwaya.

Mimi nilikuwa karani wa malipo katika shamba moja la mkonge mkoani hapa. Sasa ni mstaafu, naishi Makorora. Kazi yangu ilikuwa daftari: jina la mtu, namba yake, siku alizofanya kazi, malipo, makato, saini au dole gumba. Safu ya malipo haikuwa na habari, maana wakataji wengi walipata karibu sawasawa. Habari ilikuwa kwenye safu ya makato. Huyu amekopa unga dukani, huyu anakatwa pesa ya sanda ya mtoto, huyu amepoteza panga la shamba. Kazi imekwisha lakini tabia haijanitoka. Nikifungua kitabu cha maisha ya mtu, natafuta safu ya makato.

Sisi wa Tanga kipimo tunacho nyumbani. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani tarehe 1 Januari 1909 na akafariki mwaka 1962, na karibu umri wake wote wa kazi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni. Alikuwa katika idara ya forodha tangu 1926 hadi 1944, Pangani ikiwa mojawapo ya vituo vyake, kisha akahamishiwa Mpwapwa katika idara ya wanyama, halafu akarudi Tanga, ofisi ya wilaya na baadaye ofisi ya upimaji. Mtu huyu alipata nishani ya MBE ya Uingereza na tuzo ya uandishi ya Margaret Wrong. Angetaka kutuwekea picha za nishani na hotuba za kupongezwa, angeweza. Lakini katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, kurasa ninazozirudia ni za mgane. Anaandika kifo cha mkewe Amina na kutuwekea shairi alilomtungia, akimfananisha na ua lililofunga baada ya kuchanua. Anaandika alivyobaki na watoto wa kulea, akamtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili. Mimi nimefiwa na mume, na naweza kusema kwamba yule aliyeandika kurasa zile hakuwa akitafuta sifa. Alikuwa anahesabu alichobakiwa nacho.

Nasaha zake ni nyingi kuliko ninavyopenda, na ninapofika kwenye nasaha huwa namwambia mjukuu asonge mbele. Wanawake wake nao ni wema mno. Wanatulia kwenye utenzi kwa namna ambayo mwanamke wa Ngamiani hajapata kutulia. Hata hivyo, karani yule alitufundisha kwamba mtu anaweza kusimulia maisha yake kwa Kiswahili safi bila kuficha msiba wake. Ndiyo maana nawadai wengine.

Nimesoma Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, kitabu cha marehemu Mzee Ali Hassan Mwinyi kilichozinduliwa Mei 2021, naye akiwa hai. Namshukuru kwanza kwa kukiandika kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha mwalimu, sentensi inakwisha nawe umeshaelewa. Watu wa rika langu watakifungua kitabu hicho wakitafuta mwaka 1977, kama nilivyofanya mimi. Mwaka huo, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya wananchi waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga, ilhali yeye mwenyewe hakumgusa hata mmoja wao. Ningekuwa mhariri wake ningemwomba aanzie hapo, kabla ya Kivure alikozaliwa na kabla ya Mangapwani alikosomea. Mtu aliyewahi kuacha cheo kwa ajili ya damu ya wengine ana jambo la kutuambia ambalo marais wachache duniani wanaweza kulisema, na mimi nilitaka nikae nalo muda mrefu zaidi. Nilitaka kujua usiku ule alimwambia nini mkewe. Nilitaka kujua alirudi nyumbani na gari la nani.

Marehemu Mzee Benjamin Mkapa alitoa kumbukumbu zake mwaka 2019, miezi michache kabla ya kufariki Julai 2020. Kitabu kinaitwa My Life, My Purpose, kiliandikwa kwa Kiingereza, nasi tulikisoma taratibu, kamusi ikiwa mkekani. Nilikuwa na sababu zangu za kukisoma. Mashamba ya mkonge yalibinafsishwa katika utawala wake, na majina ya waliopunguzwa kazi niliyaandika mimi kwa mkono wangu. Sera ile anaitetea, na ni haki yake kuitetea. Ila kitabu hicho kina jambo moja ambalo kwangu linakipandisha juu ya kumbukumbu nyingi za viongozi wa Afrika. Anakiri kwamba mauaji ya Pemba ya Januari 2001 ni doa katika urais wake.

Msomaji wa Dodoma anaweza kuupita mstari ule. Sisi wa Tanga hatuwezi. Pemba iko mbele yetu hapo baharini, karafuu na dagaa vinapita kwenye majahazi yetu, na mitaa ya hapa imejaa watu wenye shangazi Wete na wajomba Chake Chake. Wakati ule, tarehe 26 na 27, watu waliuawa kwenye maandamano, na wengine wengi wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi. Nchi yetu iliyozoea kupokea wakimbizi ikawa inawatoa. Kwa Rais kuliandika hilo kwa jina lake mwenyewe, bila kusingizia askari wa chini, ni jambo kubwa. Lakini nilipomaliza sehemu ile nilimwambia mjukuu asome tena, nikidhani ameruka ukurasa. Hakuwa ameruka. Ni fupi. Nilitaka kujua taarifa ilimfikiaje, nani alimpigia simu, alikula chakula siku ile au hakula, na kama aliwahi kumsikiliza mama mmoja wa Pemba ana kwa ana. Kukiri kwa kiongozi kukiishia kwenye neno moja, wafiwa wanabaki na kazi yote ya kukumbuka.

Na jambo lenyewe limeandikwa kwa Kiingereza. Aliyefiwa Micheweni ndiye aliyestahili kulisoma kabla ya mtu mwingine yeyote.

Adam Shafi ndiye aliyenifanya nielewe kwa nini riwaya hupita pale kumbukumbu inapokwama. Ujana wake ameusimulia katika Mbali na Nyumbani, habari za kijana wa Unguja mwenye kiu ya kufika Ulaya, anashika njia ya nchi kavu kupitia Uganda na Sudan. Humo anasema "mimi" bila woga. Lakini alipowekwa kizuizini baada ya Mzee Karume kuuawa tarehe 7 Aprili 1972, hayo hakuyaandika kwa "mimi". Kifungo alimpa mtu wa kubuni, Hamza, katika riwaya ya Haini, nayo ilitoka mwaka 2003, zaidi ya miaka 30 baada ya tukio. Mwalimu mmoja mstaafu hapa mtaani anasema huo ni woga wa mwandishi. Mimi sikubali hata kidogo. Aliyefungwa akisema "mimi", atashikwa kwa kila tarehe na kila jina, na wenzake waliokuwa naye ndani hawajampa ruhusa ya kuwataja. Akisema "Hamza", anaweza kutupeleka ndani ya chumba chenyewe, tukasikia ufunguo ukizungushwa, tukamtazama hata mlinzi kama mtu. Nilipokuwa nasomewa Haini majirani walikuwa hawapigi soga. Kwenye kumbukumbu za viongozi walikuwa wanauliza chai iko wapi.

Sasa nije kwenye Peponi, maana hicho ndicho kitabu kilichotukalisha barazani mpaka Magharibi.

Abdulrazak Gurnah ni mtoto wa Unguja, alizaliwa 1948, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Riwaya hiyo aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka mwaka 1994. Kwa Kiswahili imetufikia mwaka 2022, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota. Miaka 28 kitabu cha pwani yetu kilitembea dunia nzima kabla ya kupiga hodi kwa wenyewe. Mfasiri amefanya kazi ya heshima. Mjukuu akisoma, mama anayeuza vitumbua jirani alidhani kimeandikwa hivyo tangu mwanzo, na sikuona haja ya kumwambia vingine mpaka tulipomaliza.

Habari yenyewe ni ya Yusuf, mtoto wa miaka 12, anayechukuliwa na tajiri Aziz. Ameambiwa huyo ni ami yake. Anapanda naye treni, anafika dukani pwani, na hapo kijana aitwaye Khalil anamfungua macho: huyu si ami yako, baba yako ana deni kwake, nawe umewekwa rehani. Khalil mwenyewe yuko pale kwa sababu hiyohiyo. Baadaye Yusuf anapelekwa bara na msafara wa biashara, anaona ukatili wa mnyapara, anaona msafara ukitekwa na kunyang'anywa mali kwa mtawala Chatu, na nyuma ya yote Mjerumani anasogea kidogo kidogo. Sitasimulia zaidi kwa ajili ya wasiokisoma, ila mwisho wake lazima niutaje, kwa sababu ndio uliotugawa. Safu ya askari inayoongozwa na Mjerumani inapita na watu iliowakamata, na Yusuf, ambaye amejificha na hakuna aliyemwona, anatoka mbio kuifuata.

Fundi baiskeli wetu alikasirika. Alisema mwandishi amemdhalilisha mtoto, kwa nini mtu aliyekwisha kuteswa na tajiri akimbilie bunduki za Mzungu? Mwalimu wa madrasa akasema Yusuf amepotea kwa sababu hakupata wa kumlea. Mama wa vitumbua alinyamaza, kisha akauliza: "Angerudi wapi?" Baba yake ndiye aliyemtoa.

Rai yangu ni kwamba mwisho ule ni sahihi, na ni mchungu kwa sababu ni sahihi. Katika nyumba ya Aziz, utumwa uliitwa undugu. Yusuf alikula, alivaa, aliitwa mwanangu, na hakuweza kuondoka. Kulikuwa na bustani yenye maji na miti ya matunda ambayo hata kuitazama ilibidi aibe. Khalil, ambaye mlango umeshafunguliwa, bado haendi, kwa ajili ya Amina aliyemo ndani ya nyumba ile. Mtoto aliyekulia katika uongo mtamu wa namna hiyo, akiuona uovu unaojitaja kwa jina lake, wenye kofia na bunduki, anaweza kuukimbilia kama mtu anayekimbilia hewa. Simpongezi. Nasema namwelewa. Na hapana kumbukumbu ya mtu mzima, waziri au jenerali, iliyonifanya nimwelewe mtu anayetenda jambo nisilolikubali kama nilivyomwelewa Yusuf.

Kuna sababu nyingine ya kitabu hicho kutugusa hapa. Kuwekwa rehani kwa ajili ya deni au njaa si hadithi ya kubuni katika mkoa huu. Wazee wa Kizigua wanasimulia njaa kubwa ya miaka ya 1830, watu walivyoteremka pwani wakitafuta chakula na kazi, wakapandishwa majahazini na kwenda kuuzwa Somalia. Wajukuu wa wajukuu zao walibaki huko mtoni Juba wakizungumza Kizigua. Vita vya Somalia vilipowatawanya, baadhi yao walirudi katika ardhi ya babu zao kama wakimbizi, wakapewa makazi Chogo, Handeni, na hatimaye uraia. Fikiria, Mhariri: mtu anarudi baada ya zaidi ya karne moja na nusu na lugha iko mdomoni, mwenyeji wa Handeni anamsikia na kumjibu. Je, kumbukumbu ya mzee wa Chogo iko wapi? Nimeuliza maktaba na maduka ya vitabu, nimekuta vitabu vya viongozi na vya wahubiri wa mafanikio. Sijakuta cha mtu wa Chogo.

Kuna vitabu vilivyonipita haraka. Nagona ya Euphrase Kezilahabi nilianza nikaiacha. Wasomi wanaisifu, nami nawaachia. Rosa Mistika yake ya mwaka 1971, ambayo iliwahi kuzuiwa mashuleni, tuliisoma yote bila kuruka, hata pale mjukuu alipoona haya. Yule baba, Zakaria, mlevi anayewachapa mabinti zake ili wawe wema, yumo katika mitaa yetu leo, na wazazi wanaosema kitabu hicho kinaharibu vijana ningependa wakisome wao kwanza.

Nirudi kwenye kumbukumbu, kwa upande wa wanawake, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mwanamke wa kwanza wa pwani yetu kuchapisha maisha yake, ninavyojua, ni Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, na kitabu chake kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886, akiishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kwenda kurekodi santuri Bombay mwaka 1928, maisha yake yaliandikwa na Shaaban Robert katika wasifu wa mwaka 1958. Naupenda wasifu ule kwa kuwa unamtetea mwanamke masikini, mfinyanzi, aliyedharauliwa kwa asili yake na kwa sura yake. Lakini ni mwanamume anayemsifu. Nataka kumsikia Siti mwenyewe akisema kampuni ilimlipa nini, na alipokaa peke yake baada ya ngoma alimlilia nani.

Kitabu kilichonijibu kiu hiyo nimeazimwa na mwalimu mmoja wa sekondari. Kinaitwa Wanawake Watatu wa Kiswahili, na toleo lake la Kiswahili ni la mwaka 1991. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwarekodi akina mama watatu wa Mombasa, Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, kisha wakayaandika maneno yao kama walivyoyasema, kwa Kimvita, lahaja yao ya Mombasa. Hakuna waziri humo. Kuna ndoa na talaka, kuna lelemama, ngoma ya wanawake, na mashindano ya vikundi vyake, kuna makungwi na mafunzo ya mwali, kuna aliyetoka kwa waungwana na aliyetoka katika kizazi cha watumwa, wote wakiishi mji mmoja na kujuana nani ni nani bila kuambizana. Nilisoma kwa sauti, mwenyewe, jicho likiuma, kwa sababu yapo maneno ambayo sikutaka mjukuu wa kiume ayasome mbele ya akina mama. Tulicheka, tukasonya, na mmoja wetu akalia kwenye habari ya talaka. Kila sura ina makato yake, na hakuna aliyewaambia wale wanawake kwamba hayo ya kwao ni madogo mno kuwekwa kitabuni.

Tanga inao akina mama wa namna hiyo. Taarabu ya mji huu, ya vikundi vya Black Star na Lucky Star, ilisikika pwani nzima hadi Mombasa. Waliokuwa wakipiga makofi, wakishona sare za harusi na kutunga mipasho wakati huo sasa ni vikongwe, na kila wiki tunazika mmoja.

Na wapo wakata mkonge. Nchi hii iliwahi kutoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kila singa ilipita mikononi mwa mtu aliyeitwa manamba, kwa sababu aliandikishwa kwao akapewa namba, akasafirishwa kwa lori na treni mpaka huku. Kuanzia mwaka 1944 waajiri walikuwa na chombo chao cha kuwakusanya, SILABU, na wengi waliteremkia Korogwe. Walitoka Njombe, Songea, Kigoma, wengine Rwanda na Burundi. Walijenga mkoa huu, wakaoa hapa, wakazikwa hapa. Sijaona kitabu hata kimoja cha mmoja wao akisema "mimi".

Jirani yangu ni mmoja wao, mzee aliyetoka upande wa Njombe kabla ya uhuru. Tumeanza kumrekodi kwa simu ya mjukuu, jioni, akiwa na nguvu. Mwanzoni alisema idadi ya mafungu aliyokata na majina ya wanyapara, kama mtu anayetoa hesabu ofisini. Siku nyingine akaanza kumtaja mama yake, aliyemwacha amesimama njiani akidhani anakwenda msimu mmoja. Alituma fedha kwa mtu, fedha haikufika, akaona aibu kurudi mikono mitupu, miaka ikapita. Jina lake huenda liliwahi kupita kwenye daftari langu. Hilo la mama nisingeliona humo.

Kwako Mhariri nina ombi. Mwezini mara moja, tenga nusu ukurasa kwa wasomaji waandike maoni yao juu ya kitabu walichosoma, na nusu nyingine kwa maisha ya mtu ambaye hajawahi kushika cheo, yachapishwe kama alivyoyasema. Tangazo moja la mnada wa viwanja linakula nafasi kubwa kuliko hiyo. Kwa wanaoandaa kumbukumbu zao, na tunasikia wapo wastaafu kadhaa wa serikali wanaoandika, nawaomba wasikabidhi mswada kabla ya kuusoma mbele ya mke, mume au dada yao mkubwa, wamsikilize akisema kilichoachwa. Na kwa wachapishaji, kitabu cha kiongozi wa Watanzania kikitoka kwa lugha nyingine, nakala ya Kiswahili itoke siku hiyohiyo na kwa bei ileile.

Mwisho, nakala ya Wanawake Watatu wa Kiswahili niliyoazimwa imeshadaiwa na mwenyewe, na akina mama wa baraza letu wanataka simulizi ya Mishi isomwe upya, maana wawili hawakuwapo. Mwenye nakala na anayeweza kuiachia kwa muda, aipeleke maktaba ya mkoa hapa Tanga kwa jina la wasomaji wa Makorora. Tutaifuata, tutaifunga jalada la karatasi, na tutairudisha.

Ni mimi,
Karani mstaafu,
Makorora, Tanga